Mwanafunzi anakwepa chakula bwenini: tuanzie wapi kabla hajazimia?

MwalimuNasaha_Langata:

Hamjambo wanajukwaa. Naomba msaada wa wanaolijua jambo hili kwa undani, hasa wauguzi, wataalamu wa lishe na washauri nasaha. Idara yetu katika shule ya bweni ya wasichana hapa Nairobi inaandaa mwongozo mfupi kwa matron, walimu wa zamu na wazazi. Unahusu wanafunzi wanaojinyima chakula, wanaokula kupita kiasi kisha kujitapisha, na wale wanaoteswa mchana kutwa na fikra za umbo lao. Miongozo tuliyoipata imeandikwa kwa nyumba yenye jokofu lililojaa na daktari wa familia anayepokea simu. Sisi tuna githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja), foleni ya chakula, vitanda vya ghorofa, na mzazi anayekuja siku ya kutembelewa tu.

Ningependa kujua dalili ambazo matron anaweza kuziona bila kumvua mtoto nguo wala utu wake. Tukishuku, apimwe nini na wapi? Mzazi akimchukua nyumbani ampe chakula gani na kiasi gani? Na tukisimama ukumbini kuzungumza na wanafunzi, tuseme nini na tuache nini? Shule ya wavulana iliyo karibu nasi imeomba nakala ya mwongozo, kwa hiyo wavulana msiwasahau.

MuuguziEastlands:

Mwalimu, umefanya vyema kuuliza mapema. Ombi langu la kwanza: ukurasa wa kwanza wa mwongozo wenu useme kwamba haya ni magonjwa, na yanaua. Anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua watu wengi zaidi. Wengine moyo husimama, na takriban mmoja kati ya kila watano wanaofariki hujiua. Kwa hiyo mtu asiliite jambo hili maringo ya wasichana wa mjini.

La pili: msisubiri akonde. Hapo ndipo wengi hupotea. Mwanafunzi aliyekuwa mnene akapungua kilo 15 katika muhula mmoja atasifiwa na kila mtu, akiwemo mwalimu wa michezo, huku moyo wake ukiwa umechoka sawasawa na wa yule ambaye mifupa inaonekana. Mwenye bulimia, anayekula kwa pupa kisha akajitapisha, mara nyingi uzito wake ni wa kawaida kabisa. Tena kijana bado anakua. Aliyerefuka sentimita 5 na mzani ukabaki palepale mwaka mzima, huyo amepungua. Ndiyo maana rekodi ya urefu na uzito wa kila mwaka ina thamani kuliko kipimo cha siku moja. Shirika la Afya Duniani lina chati za umri wa miaka 5 hadi 19, zilizotolewa mwaka 2007. Mtoto akiwa ameufuata mstari mmoja miaka yote kisha akateremka mistari miwili, uliza, hata kama chati bado inasema yuko sawa.

Matron aangalie haya. Baridi wakati wengine wana joto: sweta mbili mwezi wa Februari, vidole vya buluu. Nywele zinazotoka kwa wingi kwenye kitana, na malaika (vinyweleo laini) wapya mikononi na mgongoni. Hedhi iliyokosekana miezi 3 au zaidi kwa msichana aliyekwisha kuizoea. Kizunguzungu anaposimama gwaride. Mashavu yaliyovimba chini ya masikio kama ya matumbwitumbwi, meno yanayouma kwa chai ya moto, na sugu juu ya viungo vya vidole vya mkono mmoja. Katika tabia, kuna kukata chakula vipande vidogo sana, kuwagawia wenzake sahani nzima, kuomba zamu ya jikoni ili asile, kwenda chooni kila baada ya mlo, kukimbia uwanjani hata akiwa na homa. Na hili huwashangaza wengi: anayejinyima anaweza kukariri mapishi na kuwapikia wengine kwa furaha.

Kuna maswali 5 mafupi yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1999 ambayo muuguzi wa shule anaweza kuyatumia. Je, hujitapisha kwa sababu umejisikia umeshiba hadi kuumia? Je, una wasiwasi kwamba umeshindwa kujizuia unapokula? Je, umepungua zaidi ya kilo 6 hivi ndani ya miezi 3? Je, unajiona mnene ilhali wengine wanasema umekonda? Je, ungesema chakula kinatawala maisha yako? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kumpeleka hospitali. Hayathibitishi ugonjwa, na majibu matano ya hapana hayamwondolei shaka mtoto anayezirai.

Kabla ya hospitali, muuguzi wa shule anaweza kufanya kipimo kimoja kisicho na gharama. Mlaze mtoto dakika 5, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima (si sekunde 15 ukazidisha), upime presha na joto. Msimamishe dakika 2 au 3, upime tena. Mapigo chini ya 50 mchana akiwa macho, namba ya juu ya presha chini ya 90, joto chini ya 35.6, au namba hiyo ya juu ya presha inayoshuka zaidi ya 20 anaposimama: yoyote kati ya haya, anaondoka siku hiyohiyo kwenda hospitali yenye maabara na kitanda, kama Mama Lucy, Mbagathi au Kenyatta. Kuzirai, maumivu ya kifua, kutapika damu, kukataa hata maji, au kuzungumzia kujiua, usipoteze muda kupima.

Huko hospitali waombe vipimo vya madini ya damu na vinginevyo: potasiamu, fosfeti, magnesi, sodiamu, sukari, hali ya figo na damu, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Potasiamu ikishuka kwa kutapika au kuharisha, moyo unaweza kukosa mpangilio bila onyo. Daktari ataondoa pia magonjwa mengine yanayokondesha: kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingo, Virusi vya Ukimwi, minyoo. Kwa msichana aliyekosa hedhi, ujauzito. Lakini andikeni hili kwa herufi nzito: majibu mazuri ya damu hayamaanishi mtoto ni mzima. Mwili hujibana sana kulinda damu, na majibu huweza kuwa sawa hadi siku chache kabla ya mambo kuharibika.

LisheDonholm:

Nachukua swali la chakula, ila nianze na onyo ambalo hospitali nyingine huenda zisimwambie mzazi. Mtoto ambaye hajala chochote cha maana kwa zaidi ya siku 5, au aliyepungua haraka sana, asishindiliwe sahani nyumbani bila daktari kumwona. Mwili wenye njaa umeishi kwa mafuta na misuli yake. Wanga ukiingia ghafla, insulini hupanda na kuivuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuziingiza ndani ya seli. Fosfeti ikikauka kwenye damu, moyo na misuli ya kupumua hukosa nguvu, miguu huvimba, mtoto huchanganyikiwa. Hatari ni kubwa katika siku 10 za kwanza. Hospitalini hupewa thiamini (vitamini B1) kabla ya chakula, na damu hupimwa kila siku mwanzoni. Kosa la upande wa pili lipo pia: kwa woga huo, mtoto anapewa uji mwepesi wiki mbili na kuendelea kudhoofika. Daktari akisema yuko salama kula, basi ale.

Ratiba ni milo 3 na vitafunio 3, pasipite zaidi ya saa 3 hivi bila kitu tumboni. Mfano wa siku kwa chakula cha soko la Gikomba au Kangemi:

Saa moja asubuhi, uji wa wimbi kikombe kikubwa cha mililita 400, nusu maji nusu maziwa, ukorogwe na kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya karanga, pamoja na yai na vipande 2 vya mkate vyenye siagi. Saa nne, chai ya maziwa na mandazi 2, au ndizi 2 na karanga za kujaa kiganja. Saa saba, wali kikombe kimoja na nusu, ndengu au maharagwe kikombe kimoja, nusu ya parachichi, mboga kidogo. Saa kumi, maziwa lala kikombe kimoja na kiazi kitamu. Saa moja jioni, ugali wa ukubwa ule wanaokula wengine mezani, na nyama, mayai au omena, na sukuma iliyokaangwa kwa vijiko 2 vya mafuta. Saa tatu, maziwa ya moto na chapati.

Mzazi ataona ni kingi. Kijana anayepona anahitaji chakula kuliko mtu mzima anayekaa ofisini, kwa sababu anarudisha kilichopotea huku bado anarefuka. Ongezeko la nusu kilo hivi kwa wiki nyumbani linatosha. Likikwama wiki mbili, ongezeni mafuta kabla ya kuongeza ujazo: kijiko cha mafuta kwenye wali, siagi ya karanga zaidi, parachichi zima badala ya nusu. Tumbo halihisi sana tofauti hiyo, mwili unaihisi.

Yanayoharibika mara nyingi ni haya. Githeri peke yake: nyuzinyuzi zake hujaza tumbo kabla hazijalisha, kwa hiyo ipunguzeni kidogo na muikaange kwa mafuta na viazi. Maji na chai ya rangi kabla ya mlo, tumbo linajaa bure. Mlima wa kabichi, ambao mtoto ataufurahia kwa sababu hauna kitu. Halafu kuvimbiwa: tumbo lililokaa bila chakula humwaga polepole, kwa hiyo mtoto atalia kwamba amejaa na tumbo limefura. Anasema kweli, hadanganyi. Hali hiyo hupungua kwa wiki kadhaa za kula kwa mpangilio, haipungui kwa kuruka mlo. Akikosa choo, msimpe dawa ya kuharisha, mrudisheni kliniki.

Kumpima uzito: mara moja kwa wiki, mzani uleule, asubuhi baada ya haja, nguo nyepesi, akiwa ameupa mzani mgongo. Namba anaandika mtu mzima. Mzani wa bafuni nyumbani uondolewe.

MwalimuNasaha_Langata:

Nashukuru sana nyote wawili. Kuna visingizio viwili tunavyokutana navyo kila muhula. Cha kwanza ni "nina ulcers, chakula cha shule kinaniumiza". Cha pili ni kufunga, kwa Waislamu na kwa Wakristo. Tukimkatalia tunaonekana tunaingilia ugonjwa au dini. Tufanyeje?

MuuguziEastlands:

Vidonda vya tumbo vipo, na bakteria inayovisababisha inapimwa kwa choo au kwa pumzi. Basi apimwe, mara moja, na atibiwe akikutwa nayo. Tofauti utaiona baadaye. Mwenye vidonda huomba chakula kingine kisichomuuma na hufurahi akipona. Anayejinyima, majibu yakitoka safi atatafuta maradhi mengine: gesi, mzio wa maziwa, maharagwe, kisha nyama. Orodha ya vyakula inafupika kila mwezi. Kumbukeni pia kukaa na njaa kwenyewe kunaleta kiungulia na maumivu, kwa hiyo maumivu si uongo. Barua ya daktari inayomruhusu asile chakula cha shule iwe na tarehe ya mwisho na ieleze atakula nini badala yake. Barua isiyotaja mbadala isipokelewe.

MamaSouthC:

Kuhusu funga ya Ramadhani, sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185 zinamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine akipata nafuu. Mwenye ugonjwa wa kula ni mgonjwa, na daktari akisema asifunge, hana dhambi wala hajapungukiwa imani. Mzazi amwombe imamu anayemfahamu amweleze binti mwenyewe, kwa sababu akisikia kwa mama tu atadhani anabembelezwa. Dalili za kuangalia: anafurahia daku kupita bila yeye, futari anaikwepa kwa kuhudumia wageni, Ramadhani imekwisha naye anaunganisha funga za sunna wiki baada ya wiki, au anafunga hata siku za hedhi ambazo hazimhusu.

Kwa Wakristo mchungaji anaweza kumpa sadaka nyingine wakati wa Kwaresima au juma la maombi: aweke simu, atembelee wagonjwa. Kama hasira inampanda kwa sababu tu ameambiwa ale, hapo hakufunga kwa ajili ya Mungu, na anahitaji kusaidiwa kwa upole.

Mfamasia_Mjini:

Mwongozo wenu hautakamilika bila ukurasa wa vitu vinavyouzwa mitaani na kwenye simu, maana hapa Nairobi shinikizo linavuta pande mbili. Kuna wanaotaka kukonda na kuna wanaotaka umbo la namba nane, nyonga pana na kiuno chembamba. Zote mbili zina biashara.

Chai za kupunguza tumbo nyingi zina sanamaki au kitu cha jamii yake. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na potasiamu, na mzani unarudi palepale mtu akinywa maji. Akizitumia muda mrefu, utumbo unaweza kuzoea na usisukume vizuri bila dawa. Akiziacha, mwili unashika maji siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili tatu, miguu na uso vinavimba. Hapo ndipo wengi huzirudia wakidhani wamenenepa. Aambiwe mapema kwamba uvimbe huo utapita, na aachishwe kliniki ikiangalia damu yake.

Upande wa kunenepa, vidonge vinavyouzwa kwenye vikaratasi visivyo na jina mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na kuleta usingizi, ikichanganywa na deksamethasoni. Hii ya pili ni steroidi kali. Hailijui umbo analolitaka mtoto: mafuta na maji huenda usoni, tumboni na nyuma ya shingo, ngozi hupasuka mistari, sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika, kinga hushuka. Hatari yake kubwa ni siku anapoziacha. Tezi zilizo juu ya figo zimelala kwa kuwa mwili umekuwa ukiletewa homoni kutoka nje, na akikatiza ghafla anaweza kutapika, kulegea na presha kuanguka hadi kupoteza fahamu. Mkikuta vidonge hivyo sandukuni, msivitupe chooni mkadhani mmemwokoa. Mpelekeni hospitali navyo, daktari apange namna ya kuvipunguza.

Sindano za kisukari zinazosifiwa mitandaoni kwa kukondesha hazina nafasi kwa kijana mwenye ugonjwa wa kula. Na kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayepungua uzito huku sukari yake ikipanda bila maelezo aonwe na kliniki yake siku hiyohiyo.

Jambo dogo la meno: anayetapika asukutue kwa maji matupu, asipige mswaki papo hapo. Asidi imelainisha meno, na mswaki utayakwangua. Asubiri nusu saa.

KochaKasarani:

Wavulana, kwa ufupi. Kwao ugonjwa mara nyingi huvaa nguo za mazoezi. Wapo wanaojinyima sawasawa na wasichana, na wapo wanaojiona wembamba ilhali misuli imejaa. Anajipima mikono kwa kioo mara kumi kwa siku, anakosa mtihani ili asikose vyuma, anakula mayai na unga wa protini na kukataa chakula cha nyumbani, anavaa jaketi kwenye jua ili "wembamba" wake usionekane. Akianza steroidi za kujaza misuli kabla hajamaliza kukua, ncha za mifupa hufunga mapema na urefu unaishia hapo. Pia korodani hunywea, chunusi hujaa mgongoni, na hasira haishikiki.

Wakimbiaji ni kundi la pekee hapa kwetu, kwa sababu imani kwamba mwepesi ndiye mwenye mbio iko kila kambi. Ni kweli kwa majuma machache. Baadaye mwili usiopata chakula cha kutosha kwa mazoezi yake unazima hedhi kwa msichana na kushusha homoni za kiume kwa mvulana, mifupa inapata nyufa kwenye muundi na unyayo, mafua hayaishi, na muda wa mbio unarudi nyuma. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipatia tatizo hili jina rasmi mwaka 2014. Kanuni ninayoisisitiza kwa makocha: msipime uzito mbele ya timu, msitaje kilo za mtu kwa sauti, na mwanariadha aliyekosa hedhi miezi 3 au mwenye ufa wa pili wa mfupa asikimbie hadi daktari amruhusu. Vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kuleta damu kila mwezi, lakini mifupa haivijali. Kinachorudisha mifupa ni chakula na uzito.

Mshauri_Familia:

Nimesoma yote, naongeza upande wa akili na mazungumzo, maana hapo ndipo wazazi wema hukwama.

Mzazi wa kawaida anataka kwanza ajue kwa nini. Anamkalisha mtoto, anamhoji, anamwombea, anamletea mshauri azungumze naye wiki sita, na wiki zote hizo mtoto hali. Mpangilio unatakiwa ugeuzwe. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya nzuri, waliojitolea wenyewe, kwa miezi 6. Watu hao, ambao hawakuwa na tatizo lolote la umbo, walianza kuota chakula, kukusanya mapishi, kula polepole kwa taratibu za ajabu, kujitenga, kukasirika na kuzama katika huzuni. Njaa yenyewe ndiyo iliyofanya hivyo. Ubongo wenye njaa hauwezi kujadiliana na mshauri. Mlisheni kwanza, mazungumzo marefu yatafuata.

Tiba yenye ushahidi mzuri kwa kijana mwenye anoreksia anayeishi na familia ni ile iliyoanzia Hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980. Haiulizi kosa ni la nani. Katika hatua ya kwanza wazazi wanashika usukani wote wa chakula: wanaamua nini, kiasi gani na saa ngapi, na mmoja anakaa naye kila mlo. Uzito ukirudi, mtoto anarudishiwa maamuzi kidogo kidogo. Mwishoni ndipo yanapozungumzwa mambo ya ujana wake kwa jumla. Huchukua miezi 6 hadi 12. Nyanya, shangazi au mfanyakazi wa nyumbani anayekaa na mtoto mchana afunzwe sawasawa na wazazi. Ukuta ukiwa na ufa upande wa mtu mmoja, ugonjwa utapitia hapo.

Mezani: mlo dakika 30, kitafunio dakika 15. Simu zote mbali, pamoja na ya baba. Msizungumzie chakula. Zungumzieni mpira, jirani, chochote. Akikwama, sema sentensi fupi ileile kwa sauti ya chini: "Najua ni vigumu. Chukua kijiko kingine, niko hapa." Msitishie, msihonge, msilie mbele ya sahani. Hoja za kisayansi mezani hazisaidii, kwa sababu ugonjwa una majibu kwa kila hoja. Baada ya kula, kaeni naye saa nzima, mkicheza karata au kutazama taarifa, choo kisubiri. Akikataa mlo wote, anapewa maziwa yaliyokorogwa na siagi ya karanga badala yake, kisha mlo unaofuata unakuja kwa saa yake kama kawaida. Adhabu ya viboko haina nafasi hapa. Shuleni, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaipiga marufuku pamoja na mateso ya kiakili, na kumdhihaki mtoto kwa umbo lake ni mateso ya kiakili.

Mwenye bulimia au ulaji wa kupindukia hufaidika zaidi na tiba ya mazungumzo inayofuata fikra na mazoea, na msingi wake pia ni kula kwa saa. Anayeruka kifungua kinywa na chakula cha mchana atavamia sufuria saa nne usiku, kisha aibu imsukume chooni, kesho ajinyime tena. Mnyororo hukatwa asubuhi. Dawa ya fluoksetini huwasaidia baadhi ya wenye bulimia, kwa uamuzi wa daktari wa akili. Kwa mwenye anoreksia hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya chakula. Kliniki za akili zipo Mathari na Kenyatta. Mtoto anayezungumzia kujidhuru anaweza kupiga 116 bila malipo, na 1199 ya Msalaba Mwekundu pia inapokea.

Sasa ukumbini, Mwalimu. Acheni picha za watu waliokonda, acheni kutaja kilo, na msieleze mtu alijitapisha vipi au alificha chakula wapi. Kwa nia njema kabisa mtakuwa mmetoa somo, na yule aliyekwisha kuugua atajiona hajakonda vya kutosha kustahili msaada. Kwa sababu hiyohiyo sitaziandika hila hizo hapa, watoto nao wanasoma.

Semeni mambo haya: kwamba msichana anapobalehe huongezeka uzito na nyonga kabla hajamaliza kurefuka, na huo ni ukuaji. Kwamba picha za mtandaoni zimechujwa, zimepigwa mara 50 na kuchaguliwa moja. Waelezeni habari ya Fiji. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa sekondari mwaka huo, hakuna aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo, katika jamii iliyokuwa ikiheshimu mwili mkubwa. Miaka 3 tu, na kwa televisheni. Wanafunzi wenu wana TikTok mkononi. Kisha waonyesheni palipo kitufe cha kukataa video za aina fulani, wakibonyeze hapohapo.

Na waambieni watu wazima: salamu za "umenona wewe" na "mbona umekonda, umependeza" zife shuleni, kuanzia kwa walimu. Aliyetoka hospitali akiambiwa "sasa unaonekana mzima", anasikia "sasa umenenepa". Mwambie umefurahi kumwona, inatosha.

MwalimuNasaha_Langata:

Hili limekuwa darasa kubwa. Swali la mwisho: anarudi lini bwenini, na nani atakaa naye mezani wakati matron ni mmoja kwa wasichana 80?

Mshauri_Familia:

Asirudi bwenini hadi ale milo 3 na vitafunio 3 vya kila siku nyumbani bila vita kwa wiki kadhaa mfululizo, mapigo ya moyo na presha viwe vimetulia, na daktari aandike hivyo. Ikiwezekana, muhula wa kwanza awe mwanafunzi wa kutwa.

Matron hawezi peke yake, kwa hiyo msimpangie hivyo. Chagueni watu wazima 3: mmoja asubuhi, mmoja mchana, mmoja jioni, na kila mmoja awe na mbadala. Mwanafunzi mwenzake asipewe kazi ya kumlinda. Mzigo huo ni mzito kwa mtoto, na urafiki huvunjika. Ale kwenye meza ya chumba cha nasaha wiki mbili za kwanza, pamoja na rafiki mmoja aliyemchagua, kisha arudi bwaloni. Vitafunio vya saa nne na saa kumi vikae kwa muuguzi, vikiletwa na mzazi kila wiki: karanga, maziwa ya pakiti, ndizi, mkate. Kila mlo uwekewe alama moja kati ya tatu katika daftari: wote, nusu, hakuna. Mzazi anatumiwa picha ya ukurasa kila jioni. Michezo isimame hadi daktari aruhusu, lakini asifukuzwe uwanjani. Apewe saa ya kuhesabu muda.

Kubalianeni kwa maandishi kabla hajafika, mzazi, shule na yeye mwenyewe, ni nini kitamrudisha nyumbani: milo 3 mfululizo iliyokataliwa, uzito ulioshuka wiki 2 zinazofuatana, kuzirai, au mapigo chini ya 50. Asome, atie sahihi, abaki na nakala. Likitokea, mzazi anapigiwa siku hiyohiyo bila kikao cha nidhamu, na nafasi yake darasani inabaki yake.